Likizo ya Agosti Nyumbani kwa Shangazi

Stuttgart, 12 Februari 1984

Kwako Shangazi Crocifissa,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yanakutii, na yule paka wako wa jicho moja hajakumalizia jibini. Sisi huku tunapumua. Kikohozi cha Krismasi kimeniacha juzi tu. Dukani tunauza miwani kama karanga, maana Wajerumani wakishaona theluji imezidi huanza kuota jua, na kila mmoja anataka miwani myeusi. Baba hajambo.

Sasa sikia. Mwaka huu na mimi nataka jua. Nimechoka kuwauzia wengine miwani ya kwenda kwetu huku mwenyewe nikibaki hapa na soksi mbili mbili. Nataka kuja Sisilia, hapo kwako Modica, Agosti, wiki tatu. Mara ya mwisho nilikuwa na miaka tisa, na ninachokumbuka ni ngazi tu, ngazi, ngazi, halafu wewe juu yake na ufagio. Nataka kuona makanisa, nioge bahari, nile barafu ya lozi asubuhi kama mtu mwenye akili timamu. Nataka pia kulala kile chumba cha nyuma kilichochimbwa ndani ya mwamba, ambacho nikiwasimulia Wajerumani wanadhani nawatania.

Nitakuwa na mtu mmoja. Hana shida, hali sana. Je, una vitanda viwili?

Nakubusu mashavu yote mawili,
Loredana wako


Modica, 1 Machi 1984

Loredana mwanangu,

Nimepokea barua yako nikiwa nimeinua mguu juu ya kiti, maana magoti uliyoyauliza yamejibu kwa vitendo. Mengine salama. Milozi imechanua mapema na kila mtu anasema ni dalili mbaya, kama wanavyosema kila mwaka. Paka hajambo, mwizi kama kawaida. Mama yako, marehemu wifi yangu Adelina, nimemwombea misa ya mwaka wa pili na watu walijaa. Nilimwambia padri asome jina polepole ili mpaka waliokaa nyuma walisikie.

Umeandika "Baba hajambo", maneno mawili na nukta. Vizuri. Sikuuliza.

Kuja, njoo. Nyumba hii ni yako kuliko ilivyo yangu. Lakini Agosti, hapana! Agosti upepo wa kusini huleta mchanga wa jangwa mpaka kwenye meno. Agosti ninaanika nyanya za kukausha kwenye kila ubao na kila kiti, hutapata pa kukaa. Njoo Juni. Juni kuna sikukuu ya Mtakatifu Petro, mtakatifu wetu, na utaona watu wa kanisa la Mtakatifu Georgi, wapinzani wetu, wanavyojifungia ndani kwa wivu.

Na huyo "mtu mmoja" ana jina? Ana wazazi? Ana dini?

Mimi shangazi yako ninayekupenda,
Crocifissa


Stuttgart, 20 Machi 1984

Shangazi mpendwa,

Pole na goti. Kuna dawa ya kuchua ninakutumia kwa posta, inanuka kama farasi lakini inasaidia. Hapa theluji imeyeyuka na kuwa tope, na Wajerumani wanaliita hilo majira ya kuchipua.

Juni haiwezekani. Duka linafungwa Agosti, si kabla wala baadaye. Nyanya zako nitazikwepa. Mchanga nitautema.

Mtu wangu ana jina, ana dini, ni Mkatoliki wa kuzaliwa, ingawa kanisani huingia misa ikiwa nusu. Wazazi walishafariki. Anakoroma kidogo. Hapendi vitunguu vibichi. Ni mkimya siku hizi, na hilo ndilo linalonifanya nitake kumtoa nje ya nyumba kabla hajaota mizizi kwenye kiti chake. Zaidi ya hapo usiniulize, tafadhali. Utamwona.

Baba hajambo.

Mwanao,
Loredana


Modica, 2 Mei 1984

Loredana,

Salamu za Pasaka zimechelewa, nisamehe. Kulikuwa na kazi, na wageni, na mambo. Dawa imefika. Posta yote ilinuka na mpeleka barua aliishika kwa vidole viwili kama panya. Goti limepona, ama limeogopa.

Nimekaa nikawaza kuhusu huyo mtu wako. Yatima, anakoroma, mkimya, anaingia misa katikati. Binti yangu, una miaka ishirini na saba na wewe si mbaya wa sura, umerithi pua yetu lakini umeibeba vizuri. Kwa nini ujitupe hivyo? Ana umri gani? Usinijibu "mkubwa kidogo". Akija, atalala kwa padri. Nimeshazungumza na padri, kasema sawa mradi asikorome wakati wa sala za alfajiri.

Lakini asije Agosti! Paa linavuja. Fundi amesema Agosti ndipo atalifungua. Na joto la mwaka huu linatisha tayari, tunakula barazani. Jana tumekula dagaa wa kukaanga na mkate wa kukunja wa nyanya, tukafungua divai ile nzuri, basi tukakaa mpaka mbu walipotufukuza. Juzi Jumapili tulikwenda kwenye sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Walimbeba mtakatifu na farasi wake mbio mbio, bendi ikapiga vizuri sana, hasa matarumbeta.

Njoo Septemba.

Shangazi yako


Stuttgart, 15 Mei 1984

Shangazi yangu kipenzi,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, ya mwisho nikiwa nimevaa miwani ya dukani, nikidhani macho yananichezea. Nakusalimu sana, kisha nakuuliza kwa heshima zote.

Mosi, tangu lini paa livuje mahali ambapo mvua hainyeshi tangu Mei mpaka Oktoba?

Halafu, tunakula, tumekula, tukafungua, tukakaa, tulikwenda. Shangazi, wewe unaishi na paka. Paka hafungui divai. Wewe na nani?

Na kubwa kuliko yote: wewe, binti wa Mtakatifu Petro, uliyewahi kumnyima maji jirani kwa kuwa kavaa utepe wa Georgi, umekwenda sikukuu ya Georgi na ukaipenda? Hasa matarumbeta?

Mimi si mtoto. Kuna kitu hapo.

Kuhusu mtu wangu, kwa padri hatalala, ataona aibu. Umri amepita thelathini. Amepita vya kutosha. Ukitaka kumjua zaidi, haya. Akimenya chungwa, ganda linatoka zima kama utepe, halafu analiweka juu ya jiko ili nyumba inukie. Akinyoa ndevu huimba, ama aliimba, sasa ananyoa kimya. Hulala na fulana ya sufu hata Julai. Jioni redio ikisoma hali ya hewa ya kusini mwa Italia, hunifungia bomba la maji ninapoosha vyombo ili asikie vizuri. Ikishasoma Sisilia, anazima redio na kwenda kulala. Mengine hayamhusu.

Tiketi za treni nazinunua kesho. Agosti.

Loredana mkaidi


Modica, 30 Juni 1984

Loredana,

Nimekaa na barua yako mwezi mzima kwenye mfuko wa aproni. Jana ilikuwa sikukuu ya Petro, nikamwuliza yeye nifanye nini, hakusema neno, basi naamua mwenyewe.

Huyo mtu kumenya chungwa nilimfundisha mimi. Alikuwa na miaka mitano, nikamshikia kisu. Na fulana ya sufu ni mama yetu aliyemzoesha, kwa sababu kile chumba cha mwambani kina baridi mwaka mzima. Ungeniambia tu: Shangazi, namleta kaka yako Ignazio. Ningekataa, ndiyo. Lakini ungeniambia.

Hajala mezani kwangu tangu mwaka sitini na sita. Mazishi ya mama alituma shada. Na mimi mazishi ya Adelina nilituma shada. Tumeongea kwa maua ya maiti, mimi na kaka yangu.

Anafunga bomba kweli?

Sasa na mimi nikuambie langu, maana umelishika mkia. Ninaolewa. Usicheke! Cheka, basi, halafu urudi tuendelee. Ninaolewa tarehe 25 Agosti, nikiwa na miaka sitini na moja, na anayenioa ni Gaspare Iabichino, mpiga tarumbeta wa bendi ya mji. Ndiyo, wa yale matarumbeta. Baba yako atakuwa hakukusimulia, kwa hiyo nakusimulia mimi. Gaspare aliniposa zamani, baba yetu ameshafariki, mwenye kauli akiwa ni Ignazio. Akamjibu mbele ya watu kwenye ngazi, "Dada yangu haolewi na mtu anayekula kwa kupuliza, tena mtu wa Georgi!" Gaspare akaenda kuoa mji wa jirani, Ispica. Mimi sikuolewa na yeyote. Ignazio akaenda zake Ujerumani, na siku ya kuondoka sikumfungia chakula cha njiani. Mke wa Gaspare alifariki miaka minne iliyopita. Mwaka jana Gaspare alinibebea kikapu cha malimau ngazi zote mpaka juu, akafika hana pumzi, mtu wa tarumbeta! Nikamkaribisha maji. Hajaondoka vizuri tangu siku hiyo.

Ndiyo maana nilikukatalia Agosti. Nilitaka uje uikute pete kidoleni, maneno yamekwisha.

Usimwambie. Au mwambie. Hapana, usimwambie.

Crocifissa


Stuttgart, 11 Julai 1984

Shangazi,

Nimecheka, kisha nimelia, kisha mteja akaniuliza kama ni macho. Hongera! Hongera, hongera! Mwambie Bwana Gaspare nampa mkono, na pole kwa ngazi.

Sijamwambia Baba. Nilipoweka tiketi mezani alizigeuza pande zote mbili kama mtu anayetafuta kasoro. Akasema, "Mimi nakwenda kuona bahari, siendi kumwona mtu." Nikamjibu, "Bahari iko chini, Baba, na sisi tunalala juu kwa Shangazi." Lakini jana alitoka peke yake, mara ya kwanza tangu Mama afariki, akarudi na kofia mpya ya majani. Aliivaa akisikiliza hali ya hewa.

Tutafika tarehe 4 Agosti jioni. Mungu atusaidie wote, na huyo Georgi wenu pia asikae bure.

Loredana


Stuttgart, 27 Agosti 1984

Shangazi yangu,

Nimefika salama, nimeungua mabega, na huku kunanyesha. Nimefungua sanduku nikakuta umenifichia jibini ndani ya kiatu. Sanduku zima linanuka wewe.

Nyumba ni kimya mno. Nakaa kwenye kiti cha Baba nikijiuliza nilifanya sawa au vibaya. Bado namwona akipanda ngazi zako na kofia yake, akisimama kila baada ya nyumba chache, akijidai anatazama mandhari. Namwona akikukuta mlangoni. Hamkukumbatiana, mlitazamana tu kama watu wawili wanaogombea kiti kimoja kwenye treni, halafu wewe ukasema, "Umenenepa," yeye akasema, "Wewe umefupika," na mimi nikadhani, yamekwisha, tumepona.

Halafu akaingia jikoni.

Shangazi, kati ya watu wote wa Modica, ilikuwa lazima Gaspare awe amevaa aproni yako yenye maua, anakaanga bilingani? Na ilikuwa lazima ageuke na kusema, "Karibu nyumbani, Ignazio," kana kwamba nyumba ni yake? Sijawahi kumsikia Baba akipiga kelele kwa Kisisilia. Maneno mengine sikuyajua na nilikuwa naona haya kuuliza. "Umengoja nigeuze mgongo!" "Umegeuza mgongo miaka kumi na minane!" ukamjibu. "Tulidhani umeganda!" Na Gaspare, masikini, katikati, na bilingani zinaungua.

Akabeba sanduku lake usiku ule ule, na siku zote zile alizokaa kwa Bi Agatina kwenye nyumba ya wageni ya stesheni, nikawa napanda na kushuka kati yenu kama mpeleka barua, naona makanisa kwa haraka tu nikipita. Ukaahirisha harusi. Ulisema, "Siwezi kwenda kanisani huku kaka yangu yuko hotelini kama mtalii wa Uswidi." Nilipokwenda kumchukua tarehe 24 twende kwenye treni, nikamkuta amekaa kitandani, sanduku halijafungwa. "Wewe nenda," akasema. "Mimi nabaki nione hii harusi inavyoshindikana."

Nikaondoka bila yeye. Niambie chochote. Anakula?

Loredana


Modica, 17 Septemba 1984

Loredana mwanangu,

Salamu. Usikae kwenye hicho kiti, kitakuzeesha. Nyanya zimekauka vizuri, na nimekuwekea chupa mbili. Baba yako anakula. Anakula kuliko sisi. Agatina ananipa habari kila siku nikienda kununua mkate, nami namsikiliza kama sisikilizi.

Sasa tulia nikusimulie, maana mambo yamegeuka kuwa vituko.

Siku mbili baada ya wewe kuondoka, Gaspare alivaa suti ya bendi, ile yenye vifungo vya dhahabu kwa kuwa hana nyingine, akashuka mpaka stesheni. Sikumtuma. Ningemtuma ningemwambia avae kitu cha watu. Akamkuta kaka yangu chini ya kivuli cha turubai, na kahawa mbele yake. Akavua kofia.

"Ignazio, nimekuja kuposa."

"Ulishaposa."

"Naposa tena."

"Hapana."

"Haya," akasema Gaspare, akavaa kofia, akapanda ngazi zote kurudi.

Kesho yake akashuka tena. "Nimekuja kuposa." "Hapana." Lakini mara hii jua lilikuwa kali, Agatina akamwonea huruma akamletea kiti, akakaa. Agatina anasema walikaa muda mrefu, kila mmoja anatazama treni yake. Siku ya tatu, Ignazio akasema bila kugeuka, "Bado unapiga lile dude?" "Napiga." "Bado unakosea kwenye maandamano ya Ijumaa Kuu, pale sauti inapopanda?" "Bado." Baba yako akacheka kwa pua, akajifanya anapenga kamasi.

Wiki iliyofuata zikatokea karata. Sijui nani alizileta. Sasa kila alasiri ni hivyo: Gaspare anafika, anavua kofia, anaposa, anakataliwa, wanacheza. Agatina kashaacha kuuliza, anaweka vikombe viwili vya kahawa mezani kabla ya Gaspare kutokea. Baba yako anashindwa karata kila siku na kila siku anamwita mwizi wa Georgi. Watu wa stesheni wanakuja kutazama. Mwuza magazeti ameanza kuuliza, "Leo atakubali?" na wengine wanawekeana dau la pipi.

Mimi je? Mimi nakaa huku juu na gauni limening'inia kabatini. Usiku ule wa bilingani nilikuwa tayari kumtupia kaka yangu sufuria. Siku hizi Gaspare akirudi namuuliza, "Kakataa?" anasema, "Kakataa," na anacheka, na mimi nataka kumpiga yeye pia. Nikamwambia, "Gaspare, unakwenda kuniposa au unakwenda kucheza?" Akawaza kweli! Akasema, "Crocifissa, yule mtu amekaa peke yake muda mrefu sana."

Nikamfungia mkate wa kukunja apeleke. Mikate miwili.

Shangazi yako


Stuttgart, 28 Septemba 1984

Shangazi,

Haraka haraka, naandika nikiwa kazini, chini ya meza. Nimesoma barua yako kwa sauti kwa wenzangu wote hapa dukani, nikiwatafsiria. Mwenye duka, ambaye hajawahi kucheka tangu niajiriwe, ameniuliza asubuhi hii, "Na yule bwana wa tarumbeta, je?" Niandikie, la sivyo watanifukuza.

Lakini uniambie kweli, Shangazi. Unaogopa? Mimi naogopa. Naogopa atakuja kuona karata zimemchosha, apande treni arudi huku na kukaa kwenye hiki kiti. Ukweli ni kwamba sikumleta kwa ajili ya bahari. Tangu Mama aende, kulikuwa na siku alikuwa hasemi neno mpaka redio iseme Sisilia. Nilikuwa nikifungua mlango jioni kwanza nasikiliza kama anapumua. Sikutaka kukuandikia hayo.

Loredana


Modica, 9 Oktoba 1984

Loredana mwanangu,

Kaa chini. Mwite na mwenye duka akae.

Barua yako ya chini ya meza niliisoma jikoni nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Yale ya mlango na kusikiliza kama anapumua. Sikumsomea mtu. Lakini kesho yake asubuhi, Gaspare alipokuwa anapiga brashi vifungo vyake, nikamwambia, "Leo huendi."

"Kwa nini? Ninaongoza kwenye karata."

"Leo wewe ni mgonjwa."

"Mimi? Nina nini?"

"Una homa. Panda kitandani."

Watu wakikuuliza kama Gaspare alikuwa na homa kweli, sema Shangazi hakukuandikia.

Alasiri ikafika. Nikasikia saa ya kanisa, na nikajikuta ninafagia ngazi ambazo nilishazifagia. Hakuna aliyepanda. Nikawaza, haya, nimeharibu, kaka yangu ataona ameshinda, atafunga sanduku. Nikarudi ndani nikaanza kupika mchuzi ambao hakuna aliyeuhitaji. Basi nikasikia mtu anapumua nje kama fahali. Nikafungua mlango.

Baba yako. Kofia mkononi, shati limelowa, uso mwekundu kama nyanya zangu. Amepanda ngazi zote kwa mkupuo mmoja, bila mandhari.

"Yule mshenzi yuko wapi?"

"Mshenzi gani?"

"Unajua nikisema mshenzi namsema nani! Hajaja. Kahawa imepoa. Watu wote wamekaa pale wananitazama. Hajaja kuposa!"

Loredana, mimi si mwigizaji, lakini Mungu alinisaidia. Nikafuta mikono kwenye aproni nikasema polepole, "Labda kachoka, Ignazio. Umri nao. Umemkatalia sana."

"Kachokaje!" akapiga kelele, na paka akaruka dirishani. "Mtu hachoki hivyo! Wiki ngapi hizi anakuja, leo anachoka? Leo nilikuwa..."

"Leo ulikuwa nini?"

Akatazama kofia yake, akaizungusha. Alikuwa hivyo hivyo akiwa mtoto akivunja kitu.

"Jana usiku nilikuwa nimeshaamua," akasema. "Nilikuwa nangoja tu aulize."

Nikasogea kando ya mlango aone ndani. Ungeona mgonjwa wangu! Alikuwa amesimama nyuma ya pazia la chumba cha mwambani, na blanketi mabegani na koti la bendi chini ya blanketi, kofia imeshikiliwa kifuani. Sijui ni lini alitoka kitandani. Akatoka pale, akasema kwa sauti ya mtu mwenye homa, "Ignazio, nimekuja kuposa."

Baba yako akamtazama kutoka juu mpaka chini. Akaona vifungo vya dhahabu. Akaelewa yote, maana si mjinga, ni mkaidi tu. Nikaona taya linacheza. Nikadhani sasa ndiyo bilingani za pili.

"Umekuja kuposa," akasema, "na umeingia kwa mlango gani, shemeji?"

Shemeji! Gaspare akalia kwanza, wanaume wa bendi ni wepesi hivyo. Mimi nikawaambia wote wawili wakae wale, mchuzi upo. Na Ignazio alipovuta kiti, akavuta kile cha pembeni ya dirisha, kiti chake cha zamani, bila kuuliza. Tukala. Akasema mchuzi umezidi chumvi. Ulikuwa umezidi kweli.

Tunafunga ndoa Jumamosi tarehe 27. Kuna ugomvi mpya, kanisa gani, la Petro au la Georgi, na wanaogombana ni wao wawili, mimi hawaniulizi. Njoo ukiweza.

Shangazi yako, mchumba


Stuttgart, 19 Oktoba 1984

Shangazi bibi harusi,

Mwenye duka amepiga makofi. Amepiga makofi, nakuambia! Lakini ruhusa hajanipa, kwani mwenzangu amevunjika mkono na tumebaki wawili. Nimelia na nimekutumia kitambaa cha mezani, na kwa Gaspare vifungo vipya, vya kawaida, vya watu.

Nani atakushika mkono ukiingia kanisani? Niambie kila kitu. Na Baba nyumba yake ya huku nifanyeje? Mwenye nyumba anauliza. Atarudi lini?

Loredana


Modica, 18 Novemba 1984

Loredana mwanangu,

Nakuandikia mimi mke wa mtu. Nisamehe kuchelewa, tumekuwa na wageni mpaka wiki iliyopita, kila mtu wa Modica amegundua ghafla kwamba ni ndugu yetu. Kitambaa chako ndicho kilicho mezani tukila. Vifungo Gaspare amevishukuru sana na kuvitia kwenye droo.

Tulifunga kwa Petro, na tulipotoka bendi ya Georgi ilikuwa inatungoja chini. Ndivyo walivyokubaliana. Kaka yangu alinishika mkono. Alinishika kwa nguvu mno, nikamnong'oneza, "Ignazio, sikimbii," akasema, "Mimi ndiye ninayeogopa kuanguka." Mbele ya altare alikataa kuniachia mpaka padri akakohoa. Na bendi ilipoanza kupiga bila Gaspare, kikasikika kile kipande cha kupanda, na yule kijana waliyemweka badala yake akakipiga sawasawa bila kukosea. Baba yako akamgeukia Gaspare, "Umesikia? Kumbe inawezekana!" Watu walicheka mpaka mtakatifu akasikia.

Sasa, kuhusu swali lako. Kwa Agatina ameshatoka. Amehamia chumba cha mwambani, na asubuhi anaimba akinyoa, vibaya sana, tunaamka naye mtaa mzima. Kila alasiri ni karata, na kwa kuwa hakuna tena cha kuposa, wanagombania divai.

Jumatano alikwenda sokoni kununua samaki akarudi na mche wa mlimau, mdogo, majani machache tu. Alichimba pale nyuma, ukutani, panapopata jua, akaupanda na kuufunga kijiti upepo usiuvunje. Gaspare akamwambia, "Shemeji, huo hauzai mpaka miaka mitatu au minne." Akasema, "Najua," akaenda kuchota maji.

Sikumwuliza atarudi lini. Wewe mwambie mwenye nyumba anavyotaka kusikia, na lile koti lake zito la baridi mpe mtu anayelihitaji.

Shangazi yako,
Crocifissa Iabichino